Ukuta Wetu na Ukuta wa Mama Rehmat

Kila furushi langu linalotoka Guangzhou huandikwa AGRA IRINGA kwa wino mweusi, pande zote mbili. Hiyo ndiyo alama yangu ya mzigo. Wenzangu huandika majina ya watoto wao au ya mitaa ya kwao, ili kontena likifunguliwa Dar es Salaam kila mtu achukue chake bila kelele. Mama Neema wa Shinyanga, ambaye nimenunua naye suruali za jinzi huko Xintang, nje ya Guangzhou, kwa miaka mingi, hajachoka kuniuliza. "Iringa naielewa. Huyu Agra ni nani? Mume wa kwanza?" Nami humwambia ni jina tu la utotoni, maliza chai twende.

Juzi sikuweza kumjibu hivyo. Tulikuwa mtaa wa Huanshi Zhonglu, kwenye mgahawa mdogo wa Mhindi, tukimsubiri laoban wetu, bosi wa karakana, atuletee sampuli. Nilikuwa na kipande cha chapati mkononi. Nikainua macho, na juu ya friji ya soda, kando ya kalenda, nikaona picha ya zamani. Ukuta mrefu wa mawe ukishuka hadi mtoni. Minara ya mviringo. Mashua. Na chini kabisa, majini, tembo wawili. Nikasimama na chapati yangu.

"We, vipi tena?" Mama Neema akasema. "Umeona nini?"

"Picha ya kwetu."

Akageuka akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Iringa kuna mashua za matanga? Dada yangu, hiyo chapati wameweka nini?"

Basi nikaketi nikamsimulia. Nimezunguka sana katika maisha yangu, Mbeya, Tunduma, Lusaka, Dar, na sasa huku, na sijui kama kuna kitu nimekibeba muda mrefu kuliko picha ile.

Mama yangu alikuwa dobi. Alifua kwa mikono, akapiga pasi ya mkaa, na nguo za kila nyumba alizitia alama ya uzi ndani ya ukosi ili zisichanganyike: mishono miwili myekundu kwa nyumba hii, msalaba wa kijani kwa nyumba ile. Kusoma kwake kulikuwa kwa shida, lakini hakuwahi kumpelekea mtu shati la mtu mwingine. Utoto wangu unanukia hivyo hadi leo, wanga wa muhogo unaopoa kwenye sufuria, na pamba mbichi inapoguswa na pasi ya moto.

Jumamosi kazi yangu ilikuwa kupeleka nguo za Mama Rehmat. Alikuwa Mhindi. Mumewe alikaa mbele kwenye duka la vitambaa, yeye alikaa nyuma, nyumbani. Alizaliwa papo hapo mjini, na Kihehe chake kilikuwa safi kuliko changu. Nikibisha mlango wa uani aliniwahi, "Kamwene!", na nisipoitikia kwa adabu alinitoa nje nibishe upya. Kisha alizikagua nguo moja moja, akigeuza kila ukosi kutafuta mishono yake miwili, akinusa kila shuka. Hakuwa na haraka hata kidogo. Mimi nilikaa sebuleni kwenye mkeka, mikono juu ya magoti, na mbele yangu ilining'inia ile picha.

Ilikuwa imechapwa kwa mistari myembamba kama nywele, rangi ya chai, na unyevu ulikuwa umeacha madoa kwenye pembe moja. Ngome ilisimama ukingoni mwa mto mpana. Ukuta ulikuwa mkubwa hivi kwamba watu waliokuwa chini yake walikuwa kama punje za mtama. Kulikuwa na tembo wawili majini, na nyuma yao, kwenye mawe, watu walioinama na nguo mikononi. Wanafua. Nilipowaona hao ndipo nilipokuwa na hakika kabisa. Hata madobi wapo, nikajisemea.

Hakika ya nini? Ya jambo ambalo bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akilisema kwa kila mgeni kabla hata hajamkaribisha kiti: "Mama yangu alizaliwa ndani ya ukuta." Bibi aliishi nasi, kwenye chumba cha uani. Macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, lakini mgeni asiyeambiwa asingejua, kwa jinsi alivyoinua kidevu akilisema hilo. Ukuta wenyewe ni ule wa Kalenga, kando ya Ruaha, ngome ya mtwa, chifu wetu, aliyepigana na Wajerumani mpaka wakaleta mizinga wakaivunja. Ngome iliitwa Lipuli, yaani tembo mkubwa. Siku ilipovunjwa, mama yake bibi alitolewa humo akiwa mtoto wa mgongoni.

Bibi mwenyewe hakuwahi kuuona umesimama. Alipozaliwa ulikuwa tayari ni tuta na majani. Hilo ndilo lililomuuma, kuliko hata macho. "Nimeurithi kwa masikio," alikuwa akisema. "Sura yake siijui."

Sasa mtoto wa miaka kumi, aliyelelewa na maneno hayo, anakuta kwenye ukuta wa sebule ngome ya mawe, mto, na tembo. Angetaka ushahidi gani zaidi?

Nilikimbia nyumbani na karai tupu. Bibi alikuwa anachambua maharage kwa vidole.

"Bibi! Ukuta wenu nimeuona! Uko kwa Mama Rehmat!"

Vidole vikasimama. "Umeuona kwa namna gani?"

"Uko kwenye picha. Mto upo. Na tembo wapo, Lipuli mwenyewe!"

Alisogeza ungo pembeni, akapapasa mkeka. "Kaa hapa. Anzia chini. Ukuta hauanzii juu."

Nikaanzia chini. Jumamosi ile nilimpa mto, upana wake na mashua zake. Jumamosi iliyofuata nilimpa ukuta, safu kwa safu, mahali jiwe lilipokaa juu ya jiwe, mahali ulipopinda kufuata maji. Alikuwa akiuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake, kwa hiyo wiki nzima nilisubiri kurudi kutazama. Mlango unatazama mtoni au mbali na mto? Kuna majani yameota kwenye nyufa? Mama alitusikia huku akikung'uta mkaa wa pasi, akacheka. Kwa Mama Rehmat hakuwahi kupita zaidi ya jikoni, sebule hakuijua.

Jumamosi ya tatu nilimpa tembo. Nikasema mmoja amezama hadi tumboni, wa pili amesimama pembeni, na mtu amekaa mgongoni mwake na fimbo mkononi.

"Amekaa juu yake?"

"Amekaa juu, bibi. Kama mtu wa baiskeli."

Bibi akaomba maji ya kunywa. Nilidhani amechoka.

Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa kijana wa Kibena kutoka Njombe, mtani wetu, na somo la historia kwake lilikuwa nafasi ya kutuchokoza. Siku aliyofundisha ngome ya Kalenga alisema yeye hajawahi kuona picha yake, akauliza kama kuna Mhehe yeyote aliyewahi. Nikanyoosha mkono.

"Mimi nimeiona, mwalimu. Ipo kwa Mama Rehmat mwenye duka."

Darasa lilinguruma. Mwalimu akanyamazisha. "Chini ya picha kuna maandishi?"

"Yapo."

"Basi Jumamosi yanakili, herufi kwa herufi, usiache hata nukta. Jumatatu nitayasoma hapa mbele. Kama ni kweli, mimi Mbena nitawapigia magoti."

Niliyanakili nyuma ya daftari, kwa penseli, ulimi nje, Mama Rehmat akiwa amezama kwenye mashuka yake. Yalikuwa ya Kiingereza, herufi zenye mikia. Sikuelewa hata neno moja. Jumatatu asubuhi nilimwambia bibi kwamba leo ukuta wake utasomwa mbele ya darasa zima. Akanishika kichwa kama anayebariki.

Mwalimu alichukua daftari akasoma kimya kwanza. Niliona mdomo wake ukijibana. Kisha akasoma kwa sauti, na akatafsiri: "Ngome ya Agra, India, kama inavyoonekana kutoka mtoni."

Nimewahi kuchekwa mara nyingi baada ya siku ile, hata huku, siku nilipojaribu kukataa bei kwa Kichina kwa mara ya kwanza. Lakini kicheko cha darasa lile bado nakitambua. "Watani zangu," mwalimu akasema akifuta machozi, "sasa mmeanza kuhamisha ngome za watu?" Mvulana wa dawati la nyuma akapaza sauti, "Agra, futa ubao!" Na toka siku hiyo mpaka darasa la saba sikuwa na jina jingine.

Kicheko kingepita. Niliyemfikiria njiani ni bibi. Nilikuwa nimempa mwanamke asiyeona sura ya kitu alichokitamani maisha yake yote, na sura hiyo ilikuwa ya watu wengine. Mbaya zaidi, nilikuwa nimemsikia kwa mbali akiwasimulia akina mama wa kwaya walipokuja kumtazama. Niliwaza nimwache tu na ukuta wake wa uongo. Nani angemwambia?

Mama aliniona usoni nilipoingia. Nikamweleza huku nikilia. Alikuwa ameshika pasi. Aliiweka juu ya kipande cha bati kabla ya kujibu.

"Utamwambia mwenyewe, na utamwambia leo. Nguo ukiiunguza huifichi chini ya nyingine. Unaipeleka ikiwa juu, mwenyewe aione kwanza."

Nikaenda chumbani kwa bibi. Nikasimama mlangoni. "Bibi, ule ukuta sio wetu. Ni wa India. Unaitwa Agra."

"Najua," akasema.

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Ulisema mtu amekaa juu ya tembo." Akageuza uso wake kunielekea. "Mjukuu wangu, Lipuli hapandwi."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha niendelee.

"Kwa sababu ulikuwa unatazama vizuri. Kila Jumamosi ulirudi na jiwe jipya. Tangu macho yangu yazibe hakuna mtu aliyenitazamia kitu namna hiyo. Nikasema, acha ajifunze kutazama kwa ukuta wa watu, halafu nitampa wetu."

"Na akina mama wa kwaya?"

"Hao niliwaambia una macho. Uliona nini, sikuwaambia." Akacheka kidogo. "Jumamosi tutakwenda wote. Mwambie mama yako anipigie pasi blauzi nyeupe."

Jumamosi hiyo nilibeba nguo kichwani, na bibi amenishika bega. Mama Rehmat alifungua mlango, akamwona, na salamu zikachukua muda mrefu kama ukaguzi wa nguo: kamwene, za nyumbani, za mifugo, za waliolala. Bibi akakaa kwenye kiti cha sebuleni, fimbo katikati ya magoti, akasema amekuja kuuona ukuta wa mwenyeji wake, kwa sababu mjukuu wake alikuwa amemwibia akauleta nyumbani kipande kwa kipande.

Mama Rehmat hakucheka. Aliishusha picha kutoka kwenye msumari, akaifuta kioo kwa ncha ya mtandio wake, akaiweka mapajani mwa bibi. Bibi akaipapasa fremu, kisha kioo.

"Wewe umewahi kufika?" akamuuliza.

"Mimi? Nifike wapi, bibi? Mimi nimezaliwa hospitali ya hapo chini. Picha ilikuja na baba yangu ndani ya sanduku. Alikuwa anatuambia, msijidharau, watu wetu walijenga hii. Basi. Nimeijua kwa kuambiwa."

"Na ukuta wenyewe bado umesimama?"

"Wanasema umesimama."

"Basi wewe una bahati. Wetu umebaki mdomoni."

Mama Rehmat akavuta kigoda akakaa karibu yake. Nguo zilikuwa bado kwenye karai, hazijakaguliwa. "Basi nipe mimi kwa mdomo," akasema.

Bibi akampa. Nimesikia hotuba nyingi tangu hapo, sijasikia kama ile. Alianzia chini. Alisema mawe yalitolewa wapi na tope lilikandwa vipi, na kwamba mto ulikuwa mlinzi wa upande mmoja. Alisema mahali bibi yake alipokuwa akisaga ulezi, karibu na lango, na kwamba jiwe la kusagia liliachwa pale, na kwamba mwanamke mwingine aliyebeba jiwe lake badala ya mtoto siku ile alisemwa hadi kufa kwake. Mimi nilikuwa sakafuni. Niliyasikiliza maneno hayo, na kwa kuwa wiki hizo nilikuwa nimejifunza jinsi jiwe linavyokaa juu ya jiwe, niliuona. Niliuona kweli.

Tulipokuwa tunaondoka Mama Rehmat alinipa karatasi kubwa ya kaki, ile ya kufungia vitambaa. Nikachora nyumbani, kwa kipande cha mkaa kilichozimika ndani ya pasi ya mama. Nilichora mto, ukuta uliopinda, lango na jiwe la kusagia. Nikachora tembo mmoja, mkubwa kuliko lango, kwa sababu ngome ilikuwa yake. Nilipomaliza nilimwita bibi.

"Kuna mtu juu ya tembo?" akauliza.

"Hakuna, bibi."

"Basi huo ndio."

Nikampelekea Mama Rehmat mchoro huo, akautia kwenye fremu. Msumari wa pili ukagongwa, na kila Jumamosi nikawa nakaa kwenye mkeka mbele ya kuta mbili, wa Agra na wa Kalenga, sawasawa kwa urefu. Wageni wake walipouliza, aliwaeleza zote mbili kwa sauti ile ile. Yule mwalimu wetu naye alikuja siku moja kununua kitambaa cha suruali, akaingizwa sebuleni, akasimama mbele ya mchoro wangu muda mrefu. Jumatatu yake alinikuta uwanjani. "Agra," akasema, "magoti siwezi, suruali ni mpya. Lakini hongera."

Miaka ilipita, duka likafungwa, watoto wa Mama Rehmat wakamwita ng'ambo kwenye nchi ya baridi. Kabla ya kuondoka alikuja mwenyewe nyumbani kwetu, akiwa na ukuta wa Agra chini ya kwapa.

"Wa Kalenga naondoka nao," akamwambia bibi. "Huko watu wataniuliza kwetu wapi. Nitawaonyesha nini? Agra sijafika. Hapa ndipo nilipozaliwa."

Bibi alinyoosha mikono akaupokea ule mwingine. "Na mimi nakutunzia wako. Ukirudi utaukuta."

Ikaja barua moja tu. Mama aliniita niisome. Mama Rehmat aliandika kwamba mjukuu wake aliambiwa shuleni alete kitu cha kwao, akaupeleka ukuta wa Lipuli, akasimama mbele ya darasa la watoto wa Kizungu na kuueleza kuanzia chini. Bibi alinitaka nisome sehemu hiyo mara tatu. Mara ya tatu kidevu chake kilikuwa juu kama siku za wageni.

Alipofariki aliniachia ukuta wa Mama Rehmat, na mimi sikuutunza. Nilikuwa kijana wa kuzunguka, nyumba sikai. Nilikuwa Tunduma mchwa walipoingia nyuma ya picha, na niliporudi kulikuwa na fremu, kioo, na vumbi. Mama hajawahi kunilaumu. Ila hajaitoa ile fremu ukutani. Imening'inia tupu miaka yote hii, na kila nikienda Iringa nakula chakula nikiwa nimeipa mgongo.

Mama Neema alikuwa amesikiliza yote bila kugusa chai. "Sasa umekaa unangoja nini?" akasema.

Mwenye mgahawa hakujua picha ile ilitoka wapi, aliikuta alipopanga. Alinikubalia kuitoa kwa nusu saa, nami nikamwacha Mama Neema pale kama rehani, akaagiza sambusa. Mlango wa tatu kuna duka la kuchapa, na Guangzhou hakuna kisichonakiliwa. Kijana wa mashine aliuliza saizi. Nikaweka mkono wangu juu ya meza, nikampimia: shubiri tatu na vidole viwili. Mkono wangu ni mkono wa mama, na fremu ile nimeipima kwa macho mara nyingi mno tangu utotoni.

Kesho yake Xintang tuliiviringisha ndani ya suruali kumi na mbili, katikati ya furushi, isipate mkunjo. Laoban akafungua kalamu ya wino akaniangalia, aandike nini. Mama Neema aliniwahi. "Agra," akamwambia. "Ni yule yule. Andika kubwa."

Nikampigia mama. Huko kulikuwa kumekucha, nikasikia majogoo. Nikamweleza kinachokuja, na ajiandae kuifungua fremu.

Akauliza, "Tembo wapo?"

"Wapo, mama. Wote wawili."

"Na yule wa juu?"

"Yupo, na fimbo yake."

Akacheka, kile kicheko cha mtu anayekung'uta mkaa. "Mwache akae. Huyo ni wao. Wetu hapandwi."